Wimbo wa Santuri ya Nguva

Ibra,
19 Machi 1998

Kwa kaka yangu mpenzi Marhoun, huko Portsmouth,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na baridi ya huko imeanza kuwaoneeni huruma. Sisi huku sote wazima, alhamdulillah. Mama anakula vizuri, anasali kwa kusimama, na bado anamgombeza kila anayechelewesha chai ya alasiri. Khalifa, shemeji yako, anakusalimu na anauliza ile dawa ya kusafishia rediata ya gari uliyomwahidi iko wapi. Wiam, binti yetu, ni biharusi wa wiki moja, kwa hivyo hana nafasi ya kumsalimu mtu, lakini mimi nakusalimia kwa niaba yake. Nisalimie sana wifi yangu Jean. Miaka yote hii namsalimu kwa barua na sijamwona ila kwa picha. Habari inayomhusu iko mwisho wa karatasi hizi, basi usianze kusoma kwa nyuma kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya skuli.

Kwanza shukrani. Kifurushi kimefika, na santuri ulivyoifunga ndani ya masweta mawili haikupata hata ufa. Sindano za gramafoni ulizotia ndani ya kiberiti zilimshughulisha sana mtu wa posta, akanitaka nimweleze ni za nini. Nikamwambia ni za kuchomea wanafunzi wavivu. Aliniamini, nadhani, maana binti yake yuko kwangu darasa la sita.

Najua ulijiuliza mdogo wako amepatwa na nini. Mwalimu mkuu mzima wa skuli ya wasichana, anaoza binti, anapiga simu Uingereza kutaka atafutiwe wimbo wa dansi wa Kizungu uliorikodiwa kabla ya yeye kuzaliwa! Nilikwambia utajua baadaye. Simu yetu iko ukumbini, na kila apitaye husimama akajifanya anafunga kiatu. Nimengoja mambo yaishe ndiyo nikakaa kitako kukuandikia.

Lazima nianzie kwenye posa. Mwaka jana, joto lilipoanza kupungua, walikuja watu wa Maen. Kijana ni mhandisi wa maji, mpole, ana masikio makubwa, na Wiam alikwishamkubali moyoni kabla hatujaulizwa. Nyumba yao ni ya hapa hapa Ibra, haikwenda Unguja wala Bara, haikutikisika hata siku moja. Mama yake, Bi Rawya, sote tunamwita Umm Maen. Ni mwanamke wa adabu, mrefu, ana duka la vitambaa na ubani, na kila Jumatano ana pahala pake katika soko la wanawake, pale ambapo wanaume hawaingii na habari zote za mkoa huanzia.

Upande wa baba yetu hakuwa na swali. Kuta za nyumba ya babu bado zimesimama kwenye mtaa wa kale, na hisa yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, inajulikana. Kisha, kwa upole kabisa, akauliza mama yangu ni wa watu gani. Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, kuwa ni wa huku huku, wazee wake walisafiri zamani. Nilijibu kwa ile sauti yangu ya skuli isiyoulizwa mara ya pili. Umm Maen akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonesha ametosheka, akasema inshallah, akaondoka. Jibu halikuja wiki ile, wala mwezi ule. Wiam akakonda. Mama alikuwa amekaa pembeni muda wote, anavuta tasbihi yake.

Sasa kumbuka wimbo wa nyumba yetu. Uliondoka Unguja kijana, kabla sisi hatujahamia huku, lakini huwezi kuwa umeusahau. Mtaani kwetu, biharusi akifikishwa kwa mumewe, mlango ulikuwa unafungwa. Wanawake waliomleta husimama nje wakaimba wimbo wa kwao, na walio ndani hawafungui mpaka wausikie wote. Nyumba ya watu wanaojijua ilikuwa na wimbo wake. Wa kwetu ni huu anaouongoza Mama:

Fungueni, fungueni, aingie nyumba yake;
msimuulize kwao, kwao ndipo hapa pake.

Tumekua tukisema kuwa ni wimbo wa zamani sana, uliotoka Ibra na wazee waliosafiri, ukabadilishwa maneno tu. Nani alituambia hivyo? Nimefikiri sana na naona hakuna. Tulisema wenyewe, Mama akanyamaza, nasi tukachukua kunyamaza kwake kuwa ni ndiyo.

Basi ikaja harusi ya Radhia, binti wa Ami Nadhir, kule Nizwa. Umm Maen alialikwa na upande wa bwana harusi, hatukuwa na habari. Tukafika mlangoni na Radhia wetu, tukasimama, Mama akaanza. Unajua sauti yake, si kubwa, lakini haina woga. Tulipofika ubeti wa pili nikasikia mtu analia upande wa ndani. Mlango ulipofunguliwa alikuwa ni Umm Maen. Alinishika mikono akasema kwa Kiarabu kwamba sauti ya wimbo ule anaijua. Maneno hayajui, sauti anaijua, aliisikia hapa Ibra alipokuwa mtoto, na hakuisikia tena kwa miaka mingi mpaka jioni ile. Akaniuliza imetoka wapi. Kaka, nilivimba kichwa. Nikamwambia imetoka hapa hapa Ibra, ikaenda na wazee wa mama yangu, na sasa imerudi nyumbani.

Jumatano iliyofuata soko zima la wanawake lilikuwa linajua. Muuza mafuta ya nywele aliniita "Wimbo Umerudi". Umm Maen akaleta jibu la posa mwenyewe, kwa mguu wake, na jibu lilikuwa ndiyo. Na hakuishia hapo. Mpwa wake, Yaqeen, msichana hodari aliyesoma chuo kikuu, kazi yake ni kukusanya nyimbo za wanawake ili zihifadhiwe zisipotee. Ikakatwa shauri kuwa siku ya hina ya Wiam atakuja na mashine yake, amrikodi Mama mbele ya wanawake wa nyumba zote mbili, auandike wimbo wetu kuwa ni urithi wa Ibra. Nilikuwa na furaha hata nikanunua mapazia mapya.

Mapazia hayakupata kutundikwa. Mwezi wa Januari nilikwenda Sur kukagua mitihani, nikapewa nafasi katika gari ya Bi Pamela. Huyu ni Mwingereza, mkaguzi wa Kiingereza wa mkoa wetu, mjane mwenye kofia ya majani ambaye huendesha gari kama anakimbizwa. Ndani ya gari ana sanduku la kanda, na kanda zote ni za bendi za dansi za ujana wa mama yake. Tumepita Al Mudhayrib anaimba, tumepita Al Qabil anaimba. Tulipokaribia Bidiya akatia kanda nyingine, na humo ndani ya saksafoni na fidla ukatoka wimbo wetu.

Si unaofanana nao. Wenyewe! Ile sauti inavyopanda pale pa "aingie", inavyokaa kidogo juu kama mtu aliyepumzika ngazini, kisha ikashuka. Na mwanamume anaimba kwa puani. Nikamwambia Bi Pamela asimamishe gari. Alidhani naumwa, akasimama kando ya barabara, ngamia watatu wakaja kututazama. Nikamwomba arudishe kanda. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akaizima akaniuliza kuna nini, na mimi nikamuuliza huyu bwana anaimba nini. Akanieleza kuwa anaimba habari za mchumba wake aliyepanda treni akamwacha stesheni na maua mkononi. Fikiria, Marhoun. Mabiharusi wangapi wa nyumba yetu tumewaingiza kwa waume zao kwa wimbo wa mwanamume aliyekimbiwa!

Nikamdanganya kuwa nimeupenda tu. Alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza, na njia nzima mpaka Sur alinisomesha. Kabla ya hao vijana wa magitaa uliowakuta ulipofika huko wameanza kufuga nywele, muziki wa Waingereza ulikuwa wa bendi kubwa za mahoteli, wapigaji wamevaa suti za aina moja, na mwimbaji alisimama kando, akainuka zamu yake ikifika, akakaa. Mara nyingi jina lake halikuandikwa hata kwenye santuri. Wimbo mmoja ukipendwa, kila kampuni iliutaka. Kampuni kubwa ziliurikodi, na zile za bei nafuu nazo zikaurikodi, na mara nyingi wapigaji walikuwa ni wale wale. Bendi moja ilipiga asubuhi kwa kampuni hii kwa jina lake, mchana ikapiga kwa kampuni nyingine kwa jina la kubuni. Bi Pamela alisema ziko bendi zina majina mazuri sana kwenye lebo na hazikupata kuwapo duniani. Ndiyo nikamwomba aniandikie jina la wimbo ule, na jina hilo ndilo nililokusomea kwenye simu, wewe ukanicheka.

Kaka, mimi si mtu wa kuogopa, lakini niliogopa. Umm Maen hakukubali posa kwa sababu ya mapazia yangu. Swali lake juu ya watu wa Mama hatukulijibu, wimbo ndio uliojibu. Wimbo ukiwa wa uongo, swali lingerudi pale pale, na safari hii lingeulizwa sokoni. Hata hivyo sikutaka kutoa hukumu kwa kanda ya ndani ya gari. Huenda Mzungu ndiye aliyeiba kwetu, nilijiambia. Nilitaka nione santuri yenyewe, ya zamani, na mwaka wake.

Ukanitafutia mpaka ukaniletea, na si nyingine ila ile ya kampuni ya bei nafuu, yenye lebo ya buluu na picha ya nguva anayechana nywele, kifua wazi, haoni haya. Nilipoitoa kwenye sweta nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka santuri za Baba. Unazikumbuka? Katika zote hatukupata kuona lebo hata moja. Zote alizibandika duara la karatasi ya sukari, akaandika juu yake kwa herufi za Kiarabu majina aliyoyatunga mwenyewe: Ya Mvua, Ya Bwana Mnene, Ya Kuamshia Watoto. Tukiuliza, tuliambiwa kuwa Bibi, mama yake Baba, hataki picha ya mbwa ndani ya nyumba, maana nyingi zilikuwa ni zile za mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. Baba alikuwa mtu wa serikali, na mapenzi yake kwa muziki wa Kizungu yalimfanya awe mpole kwa mama yake katika mambo mengine yote. Tuliona ni sawa. Lakini wimbo huu, naapa, sikupata kuusikia kwenye gramafoni ya Baba hata mara moja.

Gramafoni sikuwa nayo. Ikabidi niende Nizwa kwa Marzouq, yule anayeuza vitu vya kale nyuma ya soko la mbuzi. Anayo moja ya kutia ufunguo, ameiweka dirishani kuvutia watalii, na aliapa kuwa haijapiga tangu aipate. Nilipomwambia ni ya kumsikilizisha Mama, Bi Khole aliyemsomesha mkewe kushona, akaipangusa vumbi na kunitilia garini mwenyewe, na masharti marefu juu ya kukaza ufunguo polepole.

Baada ya alasiri nikazima kiyoyozi, nikafunga mlango, nikampigia Mama. Nilijitayarisha kwa machozi au kwa ghadhabu. Hakutoa hata moja. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, midomo ikicheza bila ya sauti. Ilipokwisha akataka nimpe santuri mkononi. Akaipapasa katikati kwa kidole gumba, pale alipo nguva, akaniuliza karatasi yake imekwenda wapi. Sikumfahamu. Nikamwambia hii haikuwa ya Baba, hii imetoka kwa Marhoun. Akasema piga tena.

Nikamweleza yote aliyonisomesha Bi Pamela. Nilipofika pale pa bendi zenye majina ya kubuni, Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema kumbe hata wao. Kisha nikampa shauri langu, na wewe unajua mashauri yangu hayapungui: Yaqeen akiuliza, tujibu kama tulivyozoea, harusi ipite, halafu tutaona. Mama akasema amenisikia. Nilisahau kuwa kwa Mama kusikia na kukubali ni vyumba viwili.

Siku ya hina ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Ukumbi ulijaa. Wanawake wa kwetu upande huu, Kiswahili kitupu, wanawake wa kwao upande ule, Kiarabu kitupu, na halwa katikati ikifanya kazi ya mkalimani. Wiam amekaa juu ya mto wa kijani, mikono imenyooshwa, haruhusiwi kugusa kitu. Yaqeen akaweka mashine yake juu ya kiti, akamwomba Mama aimbe. Mama akaimba, na sisi tukamwitikia. Umm Maen alifumba macho. Kisha Yaqeen akauliza kwa heshima wimbo huu ni wa wapi, na nani aliyemfundisha. Nikajikohoza. Mama akanitazama kwa jicho lile la kututoa sebuleni wageni wakija, nikainua sinia la halwa.

Akasema kwa Kiarabu, ili wa kwao wasikie bila ya mkalimani, kwamba wimbo ni wake. Sauti aliichukua kwenye santuri ya Kizungu, maneno akatia mwenyewe. Na akasema kwa nini.

Sasa nakuandikia alivyosema, na uketi kwanza. Mama hakuzaliwa na Bibi Kaltham, yule mshona kofia tuliyemwita bibi yetu mzaa mama. Bibi Kaltham alimpokea mchanga kutoka Pemba, wazee wake wamekufa kwa maradhi wiki moja. Mama alikuja na jina la baba yake, na baada ya jina hilo hakuna jina jingine. Babu nani, watu gani, kijiji gani, hakuna aliyejua. Nyumba ya Baba ilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Kila mchana Baba, kijana wakati ule, aliweka gramafoni yake dirishani, na Mama alikuwa akitia nakshi kofia kwa mwendo wa nyimbo hizo. Aliujua wimbo wa nguva kabla ya kuijua sura ya mwenye gramafoni. Baba alipomtaka, mama yake alikataa. Aliposhindwa na mwanawe, akaweka sharti moja: waje na wimbo wa nyumba yao kama watu, bila ya hivyo mlango wake haufunguliwi. Alijua kuwa hawana. Alitaka waaibike mlangoni, mbele ya mtaa, warudi kwao.

Mama akatunga. Alichukua sauti aliyoipenda kuliko zote, akaitilia maneno, akawafundisha rafiki zake washona kofia. Usiku wa harusi wakasimama nje wakaimba. Bibi hakuitambua, kwake yeye zile zote dirishani zilikuwa ni kelele za Wazungu tu. Lakini Baba, aliyekuwa ndani na watu wake, alitambua kwa neno la kwanza. Mama alisema alimsikia akicheka nyuma ya mlango, na kicheko kile ndicho kilichomwondolea woga. Kesho yake Baba akaificha santuri ya nguva, akasema imevunjika. Na kwa kuwa mtaa mzima ulizijua santuri zake kwa picha, mtu asije akauliza yule nguva yuko wapi na wimbo wake ulikuwaje, akazibandika zote karatasi. Mbwa alisingiziwa tu, kaka. Miaka yote ile tuliamini kuwa Baba anamwogopa mama yake, kumbe alikuwa anamsitiri mkewe.

Mama akamgeukia Umm Maen akamwambia kuwa aliulizwa mwezi wa posa yeye ni wa watu gani na binti yake akajibu kwa asiyoyajua. Jibu lake ni kuwa hajui, na hatakufa ameliacha jibu jingine ndani ya mashine. Kama mlango utafungwa, ufungwe leo, hina haijakauka.

Nilimtazama Wiam. Machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta kwa ajili ya mikono. Kaka, sijapata kuona aibu na fahari kwa pamoja kama saa ile, na fahari ilikuwa kubwa zaidi.

Umm Maen aliweka kikombe chini. Aliuliza swali moja. Je, ndani ya nyumba usiku ule, katika jamaa wa bwana harusi, alikuwapo mgeni kutoka Ibra, mwanamke mwenye vigelegele vikali? Mama akasema alikuwapo, na jina lake ni Badriya. Wimbo ulipokwisha, kama Baba alivyomhadithia baadaye, Bibi alibaki amesimama na ufunguo mkononi, hataki kufungua. Badriya ndiye aliyeuchukua ufunguo ule mkononi mwake, akasema nyumba gani hii isiyofungulia wimbo mzuri hivi, akafungua mwenyewe, na kabla ya biharusi kupita akawataka waimbe tena ausikie karibu.

Umm Maen akaweka kiganja kifuani. Akasema huyo ni khale yake, dada wa mama yake, aliyerudi Ibra na kumlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa akiiimba sauti ile kila akifua nguo kwenye falaji, bila ya maneno. Hivyo hakusema uongo alipolia Nizwa. Wimbo huu, akasema, ulifika Ibra kabla yenu, na aliyeuleta ndiye aliyekufungulia. Mimi nimelelewa na mkono ule, basi nitafungaje? Akainuka, akaenda kwa Wiam, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Vigelegele vilivyopigwa vilitikisa vikombe. Yaqeen, ambaye naye kilio kilimshika, akauliza sasa aandike ni wimbo wa wapi. Mama akamwambia andika wa Khole, inatosha.

Alhamisi tukampeleka Wiam. Mlango wa nyumba ya Maen ulikuwa umefungwa, maana Umm Maen alisema desturi yetu ameipenda. Mama alisimama mbele ameshika fimbo, akaanza fungueni, fungueni. Na kutoka ndani, kwa Kiswahili kibovu kabisa alichojifunza kwa siku mbili, Umm Maen akaitikia peke yake: msimuulize kwao. Akafungua kabla hatujamaliza. Mwaka huu sina haja ya mapazia mapya, nimeona la kuona.

Sasa habari ya Jean. Ulipotuandikia kuwa umeoa huko, ami zetu waliuliza huyu ni nani, wa watu gani, na Mama alinyamaza. Nilidhani amekubaliana nao. Nawe ulidhani hivyo, ndiyo maana ukija huja peke yako. Juzi baada ya chai amenitaka nikuandikie maneno yake kama yalivyo. Anasema yeye katika watu wote ndiye asiyestahiki kunyamaza siku ile, na alinyamaza kwa hofu, akidhani wakianza kuuliza ya Jean watafika kwake. Hofu hiyo imekwisha. Anasema umlete mkeo, joto likipungua. Jean hana hapa wanawake wa kumwimbia mlangoni, basi mlango wa nyumba hii utafungwa, na Mama atatoka asimame nje pamoja naye, amwimbie yeye mwenyewe. Sauti, anasema, Jean ataijua.

Ufunguo utakuwa mkononi mwangu.

Wasalamu kwako na kwa wifi yangu, na Mama anakuombea dua kila sala.

Ni mimi mdogo wako,
Azza binti Soud